Katiba ya Kongo: Dilala isome kifungu cha 220 hadi mwisho

Mjadala wa kubadili katiba ya Kongo umegeuka swali moja: je, Rais Félix Tshisekedi atapata muhula wa tatu? Tangu alipotangaza mjini Kisangani, Oktoba 2024, kwamba ataunda tume ya kutafakari katiba mpya, wanaomuunga mkono na wanaompinga wanavutana juu ya hilo. Ni swali zito. Lakini kwa mkazi wa Dilala, moja ya tarafa mbili za mji wa Kolwezi, si swali pekee.

Kifungu cha 220 kinatajwa kila siku kwa sababu kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Wengi huishia hapo. Aya yake ya mwisho inakataza pia marekebisho yoyote yanayopunguza mamlaka ya majimbo na ya maeneo yaliyo chini yake: miji, tarafa, sekta na machifu. Kufuli linalozuia muhula wa tatu ndilo linalolinda Dilala. Na katiba ikiandikwa upya kabisa, kufuli huondoka pamoja na mlango.

Hofu hiyo ina historia. Januari 2011 vifungu vinane vilirekebishwa, na gumzo kubwa likawa uchaguzi wa rais kufanywa kwa duru moja. Lakini vifungu vya 197 na 198 vilimpa rais uwezo wa kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana panapotokea mgogoro mkubwa wa kisiasa. Muda wa miezi 36 uliowekwa ili majimbo mapya yaanze kazi nao ukafutwa. Lualaba ikasubiri hadi 2015 kutengwa na Katanga.

Kisha kuna fedha. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ibaki huko huko inakokusanywa. Tangu 2006 hadi leo, fedha hupanda kwanza Kinshasa, na jimbo hungoja kurudishiwa. Sheria ya madini ya 2018 ilikwenda mbali zaidi kwa kutenga asilimia 15 ya mrabaha kwa eneo lenye mgodi. Haki ya namna hiyo ina nguvu pale tu katiba inapoitambua tarafa kama chombo chenye mamlaka yake, si tawi la ofisi ya mji mkuu.

Wanaotaka mabadiliko wana hoja. Magavana huchaguliwa na wabunge wachache wa jimbo, na tuhuma za kura kununuliwa hurudi kila mara. Hilo linastahili kurekebishwa, na katiba yenyewe inatoa njia: kifungu cha 218 kinawaruhusu hata wananchi 100,000, kwa saini zao, kupendekeza marekebisho. Ufa unazibwa bila kubomoa nyumba.

Kwa hiyo wabunge wa Lualaba walioko Kinshasa waulizwe mapema, kabla hawajainua mkono: rasimu hii inaiachia Dilala madaraka na fedha zaidi ya ilivyonavyo leo, au pungufu? Malori ya shaba na kobalti yanaondoka Kolwezi kila siku. Asiyeweza kujibu swali hilo hana sababu ya kuomba kura ya ndiyo.