Kuku wa Kienyeji, Gitaa la Kienyeji

Jumamosi moja mwezi wa Agosti jamaa aliingia kwenye karakana yetu, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, barabara ya kwenda Rongo. Kijana wa rika langu, viatu safi, alikuwa amekuja mazishi kutoka Nairobi. Akatoa gitaa ukutani, akaketi kwenye benchi la kazi, akapiga. Na alijua kupiga. Alipiga kama dakika ishirini, macho ameyafumba, mpaka fundi wa pikipiki wa jirani akaacha kazi yake akaja kusimama mlangoni. Halafu jamaa akanyamaza, akaligeuza gitaa, akachungulia ndani ya tundu kutafuta jina la kampuni.

"Hii ni ya wapi?"

"Ni ya hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapo ulipokaa."

Akacheka. Akauliza bei. Nikamwambia elfu ishirini na mbili. Kicheko kikaisha.

"Omera, elfu ishirini na mbili kwa gitaa ya kienyeji? Si afadhali nirudi Nairobi ninunue orijino?"

Akaliacha hapo kwenye benchi, katikati ya vumbi la mbao, akaenda zake.

Sasa nataka tuongee kuhusu hilo neno. Kienyeji. Nenda Oyugis, nenda Migori, nenda hata hapo Nairobi unapoishi, uagize kuku. Ukiambiwa ni wa kienyeji, unajua bei iko juu, na unalipa. Tena unalipa ukijisifu. Unasema ndiye kuku mwenye ladha, ndiye kuku aliyekua polepole, ndiye kuku ambaye mtu alimlea akimjua. Mboga za kienyeji, vivyo hivyo. Osuga na mitoo vinauzwa kwenye hoteli za watu wenye tai. Lakini neno lile lile likibandikwa kwenye kitu kilichotengenezwa na mikono ya mtu, ghafla linageuka tusi. Fundi wa kienyeji. Kiti cha kienyeji. Gitaa la kienyeji. Tumbo letu linajivunia nyumbani. Mfuko wetu unaona aibu.

Mimi nimefanya kazi hii miaka sita. Nilizaliwa Awendo, nikamaliza shule, nikakaa nyumbani mwaka mzima, nikaja kwa mzee mmoja tunayemwita Japuonj kwa sababu ndiye mwalimu wetu. Yeye alianza na milango na majeneza. Akahamia nyatiti, kisha akaanza kufungua magitaa yaliyovunjika ili aone yamefungwaje ndani. Hakuna shule iliyomfundisha. Alijifunza kwa kutazama maiti.

Acha nikueleze kinachoingia kwenye hizo elfu ishirini na mbili, halafu uniambie ni wapi nimekuibia.

Mbao kwanza. Mgongo na mbavu tunatoa kwenye siala, ule mti ambao kila boma la huku linao na hakuna anayeuhesabu kuwa mali, au kwenye mvule wa zamani, kitanda au mlango uliobomolewa. Uso, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, tunatumia saipras iliyokauka kweli. Haijakauka hadi ipite mwaka au zaidi kwenye dari, imepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Kwa hiyo gitaa la mwaka huu lilianza mwaka juzi, na mwaka juzi hakuna aliyenilipa.

Uso unapigwa randa mpaka ubaki kama milimita tatu. Ukiacha mnene, gitaa linakuwa bubu. Ukipunguza sana, nyuzi zitalikunja, maana nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Fikiria mfuko mmoja na karibu nusu nyingine ukining'inia kwenye ubao mwembamba kama biskuti, usiku na mchana, miaka kumi. Kinachouokoa ni vijiti tunavyogandisha ndani, usivyoviona, na kuvichonga kwa patasi huku ukigonga ubao kwa kidole na kusikiliza. Japuonj anaweza kukaa asubuhi nzima akigonga na kukwaruza. Mteja akipita anadhani mzee amechoka.

Mbavu tunazikunja kwa maji na bomba la chuma lililopashwa moto wa makaa. Unabembeleza. Ukiharakisha, ubao unalia mara moja tu, ta, umevunjika, na siku yako imeisha.

Halafu hesabu. Vile vyuma vya shingoni havipangwi kwa macho. Unapima urefu wa uzi, tuseme milimita 650, unagawa kwa 17.817, unapata milimita 36.5 hivi, ndipo chuma cha kwanza kinapokaa. Kilichobaki unagawa tena kwa namba ile ile, na tena, na tena. Cha kumi na mbili lazima kiangukie katikati kabisa, milimita 325. Ukikosea unene wa kucha, gitaa halitakaa sawa maisha yake yote. Hii hesabu naifanya kwenye kipande cha boksi, na mtu anakuja kuniambia kazi ya mikono ni ya waliofeli.

Mwishoni nikijumlisha siku zangu, elfu ishirini na mbili haifikii hata kibarua cha mjengo. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Najua mtakachosema. Mtasema gitaa la kiwandani linauzwa elfu nane, linakuja na begi. Kweli. Kama una elfu nane na unataka kuanza kujifunza, linunue, sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na yule aliyepiga dakika ishirini, akasikia kwa masikio yake mwenyewe, kisha akaamini kibandiko kuliko masikio.

Mtasema pia magitaa yetu yana kasoro. Hapo nitakuwa mkweli. Yanayo. Mwaka wangu wa pili nilifunga gitaa msimu wa mvua, hewa ya ziwa ikiwa nzito, mbao imekunywa maji na mimi sikujua. Januari jua likawaka, uso ukapasuka kuanzia kwenye daraja hadi chini. Mwenye gitaa alikuwa mwalimu, alikuwa amelipa kidogo kidogo muhula mzima. Nilimtengenezea lingine bure na nikakaa miezi miwili bila senti. Siombi mnunue gitaa bovu kwa huruma. Gitaa bovu lirudisheni, mnitukane hata. Ninachokataa ni kuhukumiwa kabla ya uzi kuguswa. Na fundi asiyenunuliwa hawezi kuboresha kazi. Ustadi unatoka kwenye gitaa la hamsini, na hamsini hayafiki kama kila mtu anachungulia tundu na kuondoka.

Wengine mtasema mbao nzuri za gitaa ni za Ulaya. Huko Hispania kulikuwa na fundi aitwaye Antonio de Torres, seremala kwa kazi yake ya kwanza, ambaye gitaa la nyuzi laini la leo linafuata vipimo vyake. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi iliyogandishwa, kuonyesha kwamba uso ndio unaoimba. Mwaka 1995 Bob Taylor wa Marekani, mwenye kampuni kubwa ya magitaa, alichukua mbao za kubebea mizigo, zile zinazotupwa nyuma ya maghala, akaunda gitaa linalopigika vizuri kabisa. Mzungu akitumia takataka, tunaita ubunifu. Japuonj akitumia mlango wa mvule, tunaita kienyeji. Na mpingo wa Tanzania unasafirishwa nje miaka yote kwenda kuwa klarineti, kisha unarudi ukiwa orijino.

Kuna hoja ya mwisho, na hii inatoka kwa wazee: gitaa si letu, letu ni nyatiti. Nawaheshimu, lakini hapana. Wakuria wa Migori wana iritungu yao, sisi tuna nyatiti, nyuzi nane, ngozi ya ng'ombe, na pete ya chuma ya oduong'o kwenye kidole cha mguu inayogonga mbao. Nyuzi zake siku hizi ni nailoni ile ile ya wavuvi. Gitaa lilipoenea huku baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana hawakulipiga kama walivyolikuta. Walilifundisha kuongea kama nyatiti, nota moja moja, mbio, uzi ukijibu uzi. Ndiyo benga hiyo. D. O. Misiani alizaliwa Shirati mwaka 1940, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, na akalifanya gitaa lisimulie siasa mpaka likamtia matatani na serikali. Sahani alizosambaza Oluoch Kanindo, mtu wa huku huku Nyanza Kusini, zilifika hadi Zimbabwe, na watu wa kule wakaiita benga yenyewe "kanindo". Nchi nzima ya mbali ilibandika jina la mtu wa huku kwenye muziki. Sisi wenyewe tunatafuta kibandiko cha Shenzhen.

Tulilipa gitaa lugha. Mdomo bado tunanunua.

Kila Desemba na kila kampeni, utasikia wakubwa wakisema tuhifadhi benga, benga ni urithi. Hema linapigwa, spika zinaletwa, kijana anapewa fulana. Sijawahi kusikia mmoja wao akiuliza yale magitaa jukwaani yalitoka wapi, au nani atayatengeneza yakivunjika. Urithi ukiwa wimbo tu, unahitaji hotuba. Urithi ukiwa kazi, unahitaji mteja, na mteja anauma mfukoni.

Kwa hiyo siandikii serikali. Nakuandikia wewe msomaji wa mjini, unayesikiliza benga kwenye matatu, unayeweka picha ya nyatiti kwenye simu, unayelipa mia saba kwa kahawa na keki bila kupepesa. Shule uliyosoma, kanisa unalotoa sadaka, bendi ya rafiki yako: zinanunua magitaa. Uliza kama kuna fundi karibu. Omba upige kabla ya kuuliza limetoka wapi. Likiwa baya, sema ni baya kwa sababu hii na hii. Likiwa zuri, lipa bei yake kama unavyolipa yule kuku.

Japuonj mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Kukwaruza vijiti vya ndani sasa ni kazi yangu, yeye anakaa kando kwenye kigoda na kusikiliza ninapogonga. "Bado," ananiambia. "Bado kidogo." Mwezi uliopita tuliuza majeneza manne na gitaa moja, na binamu yangu ananiambia kila siku pikipiki ya mkopo ipo, niache utoto.

Lile gitaa la Agosti bado liko ukutani. Limekauka zaidi, sauti imefunguka. Bei ni ile ile.