Muuguzi Si Tarishi wa Daktari

Wapo watu, na miongoni mwao wamo wasomi, wanaodai kwamba uadilifu wa muuguzi ni utii tu: daktari aseme, muuguzi atende. Fikra hiyo ni kasumba.

Kweli, Kanuni za Maadili zilizopitishwa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1953 zilimtaka muuguzi atekeleze maagizo ya daktari kwa akili na uaminifu. Lakini hata hizo zilimwagiza akatae kushiriki katika tendo lililo kinyume cha maadili, jambo ambalo wapenda amri hawapendi kulitaja. Zilipoandikwa upya mwaka 1973, ziliweka wajibu wa kwanza wa muuguzi kwa watu wanaohitaji uuguzi, na zikamtaka amlinde mgonjwa pale huduma inapohatarishwa na mfanyakazi mwenzake.

Mfanyakazi mwenzake! Hapo ndipo penye kazi. Muuguzi wa zamu ya usiku anamwona mwenzake akimtukana mama mwenye uchungu wa kuzaa, au akidai "chai" kabla ya kumhudumia. Naye ananyamaza, ati asivunje umoja wa wafanyakazi. Huo si umoja, ni njama dhidi ya mwananchi asiye na nguvu hata ya kuinuka kitandani.

Ni kweli pia kwamba mara nyingi muuguzi mmoja huachiwa wodi nzima, na uchovu si jambo la mzaha. Lakini uchovu haudai chai. Na mganga mfawidhi anayempa uhamisho muuguzi aliyetoa taarifa, badala ya kumwajibisha mkosaji, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza.