Mazungumzo ya Nyumbani: Golikipa Kijana Adake Sasa au Angoje?

Wiki hii tumepata barua kutoka Wete, kisiwani Pemba. Baba mmoja asema mwanawe ana miaka 17, ni golikipa, amepanda kutoka Juvenile mpaka Central, na sasa timu ya wakubwa ya mtaani kwao yamtaka. Golikipa wao wa siku zote ameumia goti. Aliyebaki ni mtu mzima, mzoefu, lakini miguu yake imekuwa mizito. Mwalimu wa timu ataka kijana aingie golini mchezo ujao. Ami yake kijana asema hasha, akae kwanza mwaka mzima awatazame wakubwa. Mama naye ana lake: Pemba ni ndogo, mtoto akifungwa mabao matano jioni, asubuhi sokoni wameshampa jina, na jina la utani la kwetu halifutiki hata mtu akiwa na wajukuu. Baba auliza afuate la nani.

Maneno ya mama yasidharauliwe. Ni yeye atakayemwona kijana akirudi nyumbani bila kutaka kula. Lakini tumsikilize kwanza ami, maana shauri lake ndilo linalotolewa na wengi.

Winga kijana huweza kuonjeshwa. Timu ikiongoza mabao matatu, mwalimu humwingiza dakika ya 75. Akipoteza mpira, kiungo atamfunika. Golikipa hana dakika za kuonja. Lango ni moja na mdakaji ni mmoja, na mwenye lango asipoumia au kuharibu, wa pili aweza kukaa miaka mitatu asiguse mpira wa mashindano. Kwa hiyo anayesema "angoje kidogo" aseme na kidogo hicho ni kiasi gani.

Huko Marekani wana mchezo wao wa mpira wa kubebwa mikononi, na ndani yake yuko mtu mmoja aitwaye kwotabeki, ambaye huanzisha kila shambulio. Naye pia ni mmoja tu uwanjani, na Wamarekani wamebishana miaka mingi kama kijana mgeni aanze mara moja au akae ajifunze. Patrick Mahomes alikaa karibu msimu wote wa 2017 nyuma ya Alex Smith, akacheza mchezo wa mwisho tu. Msimu wa 2018 akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Lakini Peyton Manning aliingizwa siku ya kwanza mwaka 1998. Timu yake ilishinda michezo 3 kati ya 16, na mipira 28 aliyotupa ikadakwa na wapinzani. Mwalimu wake hakumwondoa, na baadaye Manning alipewa tuzo ya mchezaji bora mara tano. Kama ni kwa mifano tu, ami na mwalimu wote wawili wameshinda kesi.

Tuutazame basi mfano wa karibu. Ally Salim alilelewa katika timu ya vijana ya Simba, kisha akakaa nyuma ya Aishi Manula. Aprili 2023 Manula akaumia. Tarehe 16 ulikuwapo mchezo dhidi ya Yanga, na kijana ndiye aliyekuwa langoni. Simba ikashinda 2-0. Siku sita baadaye akadaka dhidi ya Wydad ya Morocco katika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, Simba ikashinda 1-0 Dar es Salaam, kisha ikatolewa kwa penalti kule Casablanca. Agosti mwaka huohuo, Tanga, katika fainali ya Ngao ya Jamii, alizuia penalti za Yanga na Simba ikatwaa ngao kwa 3-1.

Ami atasema: unaona, alikaa akaiva! Ni kweli. Lakini aliiva kwa sababu gani? Kila siku alikuwa akifanya mazoezi na golikipa wa timu ya Taifa, chini ya mwalimu wa magolikipa ambaye kazi yake ni hiyo tu. Na hadithi yake haikuishia hapo. Mwaka 2023 Simba ikamleta Ayoub Lakred kutoka Morocco, mwaka 2024 ikamleta Moussa Camara kutoka Guinea, na kijana akarudi kungoja. Kungoja kwa kwanza kulimfunza. Sina hakika kwamba kungoja kwa pili kulimpa kitu.

Sasa rudi Wete. Je, hilo benchi analotaka ami lina mwalimu? Mara nyingi ni ubao chini ya mwembe, na kijana amekalishwa na chupa za maji. Mwanamaji mchanga hujifunza mlango wa Fundo akiwa ndani ya chombo, anafua maji huku nahodha akimwonyesha mwamba uko wapi. Aliyekaa pwani akitazama tanga hajajifunza mwamba hata mmoja.

Kwa hiyo nasema kijana aingie, ila si hivi hivi. Kudaka mpira atakuwa amekwisha jua. Kinachowashinda vijana ni sauti. Golikipa ndiye anayeuona uwanja wote, yampasa awaamrishe mabeki: toka, rudi, mwache, wangu! Na tangu 1992, sheria ilipomkataza kushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, lazima apatane nao kwa maneno hata zaidi. Kijana wetu amelelewa kuwaamkia watu hawa shikamoo. Beki wa kati huenda ni rafiki wa baba yake. Atamfokeaje? Atanyamaza kwa adabu, krosi itapita katikati yao, na lawama atabeba yeye.

Baba, nenda kwa mwalimu kabla ya mchezo. Mwombe awaambie mabeki mbele ya kijana kwamba ndani ya mistari ile sauti yake ndiyo inayofuatwa, na baada ya kipenga adabu irudi mahali pake. Mwombe yule golikipa mtu mzima asiachwe. Asimame nyuma ya goli mazoezini na amfundishe kupanga ukuta na kusoma upepo. Tena mwalimu akuahidi michezo mitano, afungwe asifungwe. Akimwondoa baada ya bao la kwanza la kizembe, ni heri asingemwingiza kabisa. Asipokubali ahadi hiyo, mimi niko upande wa ami.

Na mama amwandalie chakula chake kama kawaida siku atakayofungwa, asimuulize habari ya mabao mpaka mwenyewe aseme.

Barua yauliza pia kama glavu zinunuliwe sasa au mpaka ajulikane kuwa amepata namba. Nunua sasa. Hata golikipa wa akiba huzivaa kila siku ya mazoezi, na glavu za kuazima huwa kubwa.