Mnampiga Picha, Nani Anamlisha?

Semeni nina roho mbaya, lakini mtu anayefika kwetu Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, na kamera, akambeba mtoto wa watu dakika tano, akamgawia biskuti, kisha akawahi kurudi Bujumbura kabla ya magharibi, huyo hajajitolea. Ametembea. Karibu atembee! Samaki wetu mukeke ni mtamu, ziwa lipo, aogelee mpaka achoke. Asituambie tu kwamba matembezi yake ni huduma kwa yatima.

Anayejitolea namjua. Yuko Kanyenkoko, yuko mtaa wa Swahili, yuko Minago na Nyanza-Lac. Ni mama anayeanika ndagala juani, ambaye jirani yake alipofariki alichukua watoto wa marehemu akawachanganya na wake, sinia likabaki lilelile. Hana kofia yenye nembo wala hakusaini popote. Na kazi hiyo ya kupokea yatima haijawahi kukosekana pwani hii. Mwaka 1972 damu ilimwagika Rumonge na Nyanza-Lac, waliopona wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1993 vita ikaanza upya. Waliorudi walikuta michikichi yao inavunwa na wengine. Januari 2018, Fizi, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, ilipowaka moto, karibu Wakongomani 7,000 waliingia Burundi ndani ya wiki moja, wengi kwa mitumbwi, na hapa Rumonge tuliwaona wakishuka. Katika misafara ya namna hiyo hakosekani mtoto aliyepotezana na mzazi. Mara nyingi mkeka wa kwanza anaoulalia ni wa mama kama huyu. Fomu hufuata baadaye.

Sasa angalieni wahisani wanavyompita mlangoni. Wao wanatafuta kituo: jengo lenye kibao, vitanda vilivyopangwa, watoto waliofundishwa wimbo wa kukaribisha wageni. Pesa inaingia humo. Mzazi maskini akisikia kwamba kule kuna wali na sare za shule, atampeleka mwanawe ahesabiwe yatima ilhali mama yu hai na baba yuko ziwani anavua. Umoja wa Mataifa ulishaandika mwaka 2009, katika mwongozo wake wa malezi mbadala, kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Jirani zetu Rwanda walihesabu mwaka 2012, wakakuta watoto na vijana 3,323 katika vituo 33, wakaamua kuwarudisha kwenye familia. Leo wana walezi wa kujitolea wanaoitwa malayika murinzi, yaani malaika mlinzi, wanaojulikana na serikali.

Wala hatukuhitaji kwenda Kigali kujifunza. Mrundi mwenzetu Maggy Barankitse alianza kulea yatima Ruyigi baada ya mauaji ya Oktoba 1993, akaunda Maison Shalom, akawatafutia watoto nyumba na jamaa zao badala ya kuwarundika bwenini. Tangu 2015 anaishi uhamishoni. Siasa ina mambo yake. Fundisho lake lilikuwa letu, na tumeliacha liende naye.

Najua mtakavyonijibu: baadhi ya hao akina mama hawachukui mtoto wa kulea, wanachukua mtumishi wa bure. Ni kweli, na inauma. Nendeni ufukweni alfajiri mitumbwi inaporudi. Yumo mtoto anayebeba beseni la ndagala na bidoni la maji wakati watoto wa mwenye nyumba wanafunga vifungo vya sare. Huyo mtamkuta pia kwenye mashine za mawese. Lakini hebu niambieni, kumkumbatia mbele ya kamera kunamtoa vipi pale?

Hapo ndipo kujitolea kunapohitajika, na ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri. Mtu apige hodi nyumba ileile kila wiki. Aongee na mtoto faraghani, afungue daftari lake, aulize amelala wapi jana. Afuatane na mama mlezi hadi komini kutafuta cheti cha kuzaliwa, maana shule ya msingi haina karo tangu 2005 na matibabu ya walio chini ya miaka 5 ni bure tangu 2006, ila asiye na karatasi anasumbuliwa kote kuwili, na daftari halijawahi kuwa bure. Kamati za kulinda watoto za kila kolini (kilima) zinajaribu kuifanya kazi hii kwa miguu, bila hata vocha ya simu. Vocha zimekwenda wapi? Ziko hotelini, kwenye semina ya siku tatu kuhusu malezi, yenye chakula cha mchana na bahasha ya usafiri, ambayo mama mlezi mwenyewe hakualikwa!

Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa Bujumbura, Kigoma au Ubelgiji, na moyo unakusukuma kusaidia: nenda, au tuma mtu unayemwamini, kwa mkuu wa kolini, uliza ni nyumba zipi zimepokea watoto. Shika moja. Lipia sare na madaftari ya watoto wote wa nyumba hiyo, wa kuzaliwa na wa kulea pamoja, usije ukawapandikizia chuki. Muhula ujao rudi ukague. Simu yako iache mfukoni.