Paa Linavuja Wapi?

Nyumba ya bati ikivuja watu husema, "Bati limechakaa." Mara nyingi si kweli. Bati ni zima. Maji hupita pale bati linapokutana na ukuta. Tazama kibaraza kilichoegemezwa kwenye nyumba, au jiko lenye dohani. Anza kutafuta hapo.

Mahali hapo panahitaji kipande cha bati kilichokunjwa. Upande mmoja huingia ndani ya ukuta, katika mfereji uliochongwa, kisha huzibwa kwa saruji. Upande wa pili hulala juu ya bati la paa, kiasi cha shubiri moja. Mafundi wengine hawachongi ukuta. Huegemeza bati tu na kupaka saruji. Mchana bati hutanuka kwa jua, usiku husinyaa, na saruji hupasuka. Mimi nasema fundi asimaliziwe fedha yake mpaka amwagie maji paa lake mbele ya mwenye nyumba.

Jambo hili ni la afya. Ukuta mbichi huota ukungu. Ukungu huleta kikohozi na humzidishia mwenye pumu. Mahindi yaliyolowa huota ukungu pia, na ukungu mwingine hutoa sumukuvu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape hata kuku, wala usipikie pombe.

Usiamini mahali tone linapoangukia. Maji huingia juu, hufuata mti wa paa, kisha hudondoka mbali. Siku ya jua, mmoja akae ndani, mwingine apande na ndoo ya maji. Akanyage penye misumari, maana chini yake pana mti. Aanze kumwaga chini, apande kidogo kidogo. Akianzia juu, maji yatateremka paa zima na hamtajua tundu liko wapi. Aliye ndani akiona tone, apige kelele.

Msizibe kwa matambara na lami. Jua la kiangazi litaipasua. Ondoeni bati lile, chongeni ukuta, mlirudishe. Ukuta wa udongo haushiki saruji vizuri. Kwa hiyo anayejenga kibaraza sasa apitishe bati lake chini ya bati la nyumba, na hatakuwa na kiungo cha kuziba. Kazi hii ifanywe mwezi wa Februari, kabla ya masika.