Ukiogopa kufumua, utafuma skafu maisha yako yote

Kama ulijifunza kufuma kwa cucu au kwa video za YouTube, huenda hali yako ni hii: skafu unazitoa safi kabisa, hata ukiwa unatazama mechi. Lakini mteja akikutumia picha ya sweta lenye misokoto kifuani, unamjibu, "Hiyo siwezi," naye anaenda kwa mwingine. Na baridi ya Julai ndiyo hiyo, hela inapita ukiiona.

Sikiza basi. Mitindo yote ya kufuma kwa sindano imejengwa juu ya vitanzi viwili: kile unachovuta kutoka nyuma kuja mbele, na kile cha kutoka mbele kwenda nyuma. Tena hivyo viwili ni kitu kimoja, ukikigeuza. Tazama mkono wa sweta la shule. Ule ukingo unaovutika ni hivyo hivyo tu, vikipishana kimoja kwa kimoja au viwili kwa viwili.

Msokoto je? Unahamishia vitanzi vitatu kwenye sindano fupi ya tatu, unaviacha vining'inie mbele, unafuma vitatu vinavyofuata, kisha unarudi kufuma vile ulivyoweka kando. Vimeshapishana. Safu tano zinazofuata unaenda kama kawaida, halafu unapishanisha tena. Matundu ya urembo nayo ni hesabu tupu: kila ukizungusha uzi kwenye sindano umeongeza kitanzi, kwa hivyo mahali fulani lazima ufume viwili pamoja. Idadi ikikataa mwisho wa safu, kuna mahali umesahau.

Kinachotutisha kwa kweli ni kufumua. Wanaofundisha kwenye video wamechangia hapa, maana wanakata sehemu walipoharibu na kukuachia mikono isiyokosea. Lakini hata lugha yetu inajua kufuma na kufumua ni ndugu. Kuna mbinu rahisi ya kupunguza hasara: ukifika safu uliyo na hakika nayo, tunga uzi mwembamba wa rangi nyingine kwenye sindano ya kushonea, uupitishe ndani ya vitanzi vyote, kisha uendelee. Ukiharibu mbele, chomoa sindano uvute. Kazi itafumuka hadi kwenye ule uzi, isimame hapo. Siku tatu zako ziko salama.

Usijifunzie mtindo mpya kwa uzi mweusi, hata kama ndio uliobaki nyumbani. Hutaona kitu, hasa stima ikipotea. Tafuta rangi nyepesi, uzi usio na manyoya. Doo zikiwa chache, Gikomba kuna masweta ya mtumba ya kufumua, ila geuza ndani kwanza uangalie pembeni. Kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache. Uzi utatoka vipande vipande, na kufunga mafundo mia si kazi ya mtu.

Kwa hivyo mteja huyo usimfukuze. Mwambie akupe wiki moja, anzisha vitanzi 30 vya majaribio, fuma misokoto miwili mitatu, fumua, rudia. Kikikaa sawa, kipime kwa rula, hesabu vitanzi vinavyoingia kwenye sentimita 10, halafu ndipo umtajie bei na uitishe deposti.