TAIRI NYEMBAMBA SIYO UBINGWA (Mfululizo wa usalama barabarani, sehemu ya 3)

Sehemu ya 1 tuliongelea bodaboda, sehemu ya 2 watoto wanaovuka barabara kwenda shule. Leo ni zamu ya vijana wa baiskeli za resi. Nina ugomvi na nyie.

Ugomvi wenyewe ni tairi. Kijana ananunua baiskeli ya resi ya mtumba, imekuja na tairi za 700x23, yaani upana wa milimita 23 tu. Anazijaza upepo mpaka zinakuwa ngumu kama jiwe, halafu anaenda kushindana nazo. Ukimuuliza anakwambia, "Sista, tairi nyembamba ndo ya mbio."

Msimamo wangu ni huu: kwa barabara zetu, hapana. Weka tairi pana kuliko zote zinazoenea kwenye fremu yako, halafu punguza upepo. Utakimbia zaidi, na utafika mzima.

Kuna atakayesema nesi anajua nini kuhusu tairi. Sawa, nisikilize kwanza.

1. HATA LAMI YETU NI BARABARA MBAYA
Hapa Nyololo tuko juu ya TANZAM. Semi treila likikupigia honi nyuma, wewe unatoka lami unashuka pembeni, kwenye kokoto na ule ukingo uliomeguka. Likishapita, unarudi juu. Tairi nyembamba inagonga ule ukingo, inapasuka au inateleza. Ukichepuka kwenda ndani vijijini ndo kabisa: vumbi, mawe, makorongo, na mvua zikianza ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kwa hiyo usichague tairi kwa kuangalia kile kipande kizuri cha njia. Chagua kwa kuangalia kile kibaya.

2. TAIRI NGUMU INADANGANYA
Manesi wenzangu wanajua: ukimfunga mtu wa mkono mnene mkanda mwembamba wa kupimia presha, unapata namba kubwa isiyo ya kweli. Tairi ngumu nayo ni hivyo. Inatetemeka, unahisi unaenda kasi sana. Kumbe kila jiwe linakurusha juu, wewe na baiskeli yako, na nguvu za miguu zinaishia hapo. Tairi pana yenye upepo wa wastani inalimeza lile jiwe na kusonga mbele. Na kumbuka, tairi iliyo hewani haina breki wala kona.

3. WAKUBWA WAMESHABADILIKA
Paris-Roubaix ya Ufaransa, mashindano yaliyoanza 1896, yana zaidi ya kilomita 50 za mawe ya kupanga. Zamani walipita pale na tairi nyembamba. Leo wengi wanaweka milimita 30, 32 na zaidi, na kasi imeongezeka. Na si Ulaya tu. Kenya kuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara tangu 2021, siku 4 kwenye changarawe. Kwenye mbio za namna hiyo tairi ya milimita 40 ni kitu cha kawaida. Sasa wewe unaenda kwenye mawe yaleyale na 23 unamuiga nani?

4. CHA KUFANYA
Kwanza pima nafasi. Kati ya tairi na fremu, foku na breki ibaki angalau milimita 4 kila upande, la sivyo tope litajaa na gurudumu litakwama. Baiskeli nyingi za zamani zenye breki za kubana rimu zinaishia 25 au 28. Ikiingia 28, weka 28. Ikiingia 32, usijiulize mara mbili.

Pili upepo. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, siyo agizo. Kama una kilo 60 hadi 65 na unatumia tyubu, kwa 28 anzia PSI 70 nyuma na 65 mbele. Kwa 32 anzia 55 nyuma na 50 mbele. Jaribu njia yenyewe kabla ya siku ya mashindano. Rimu ikigonga mawe, ongeza kidogo. Ukipata pancha yenye matobo mawili yanayotazamana, ujue tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu: upepo ulikuwa mdogo mno.

Tatu, kagua ubavu wa tairi. Ukiona nyufa au nyuzi zimetokeza, usishindane nayo hata kama meno bado yapo.

Tyubulesi ni nzuri, lakini zinataka rimu zake na maji yake ya kuziba pancha. Usijione mnyonge ukizikosa. Tyubu, kiraka, gundi na pampu ndogo vinatosha, na fundi wa kijiji chochote anakusaidia.

Mtasema tairi pana ni nzito. Kweli, inaongeza gramu kadhaa. Pancha moja inakula dakika ngapi?

Waandaaji wa mashindano, nanyi nawaomba. Kabla ya kununua tisheti, wekeni mtu wa kukagua tairi na breki pale mstari wa kuanzia. Mwenye tairi iliyochanika asianze, hata awe bingwa wa kata.

Mtulinga ukivunjika, mkono unakaa kwenye kitambaa kama wiki 6. Hushiki jembe, hushiki msumeno, hubebi gunia la viazi. Nyumbani wanakula nini wiki hizo? Na huyo ni aliyeanguka vizuri. Aliyegonga kichwa ni habari nyingine, hiyo nawawekea sehemu ya 4: helmeti.

Mtumie huu ujumbe mdogo wako mwenye baiskeli. Na wewe fundi unayesoma hapa, kijana akija kutaka 23, mwambie ukweli kwanza, hela utaipata tu.